Dhana na Bawabu Wake: Istilahi ya Kuharakisha Lugha Zisizotangaza Aina

Kalunguta ni zoni ya afya iliyo baina ya miji ya Butembo na Beni, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, na kila mwezi vituo vyake huandika hesabu za wagonjwa wa malaria, za watoto waliochanjwa na za akina mama waliojifungua, kisha hesabu hizo hufikishwa katika ofisi kuu ya zoni na kutiwa katika mfumo wa taifa wa habari za afya, ambao hutumia programu iitwayo DHIS2. Asili ya programu hiyo ni kazi iliyoanzia Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990, nayo leo huangaliwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na katika nchi zetu za mashariki Kenya iliieneza kwa taifa zima mwaka 2011. Karani aketiye mbele ya kivinjari na kuandika 47 katika kisanduku cha malaria hana haja ya kuuliza namba yake itapita njia gani. Lakini sisi tunaopenda kuipa kila elimu jina lake katika Kiswahili tunayo haja hiyo, kwa sababu namba ile hupita katika elimu moja iliyotafutwa kwa bidii kubwa tangu miaka ya 1980, elimu ya kuzifanya ziende mbio lugha za programu ambazo wajuzi wengi walikwisha kuzihukumu kwamba kwa tabia yake ni nzito na zitabaki nzito. Moyo wa elimu hiyo ni istilahi ambayo bado haina jina thabiti kwetu, nami nakusudia hapa kuieleza maana yake na kuitafutia jina.

Hatuna budi kuanza na lugha zenyewe. Lugha za programu, kwa habari ya aina, zimegawanyika mafungu mawili. Katika fungu la kwanza, ambamo zimo C na Java, mwandishi hulazimika kutangaza mapema kwamba jina hili litabeba namba nzima, na lile litabeba maneno, na lile jingine litabeba orodha ya wagonjwa. Mfasiri wa lugha hiyo, asomapo programu kabla haijaanza kutumika, huwa amekwisha kujua kila jina limebeba nini. Katika fungu la pili, ambamo zimo Smalltalk, Self, Python na JavaScript, jina halitangazi kitu. Aina imo katika kile kilichobebwa, nayo hutambulikana pale tu programu inapokuwa mwendoni. Anayetaka kulionja jambo hili katika ulimi wake na atazame ngeli. Msemaji wa Kiswahili sanifu asemapo “kimeanguka”, kabla hajakitaja kilichoanguka, kiambishi kimekwisha kumfungia msikilizaji milango mingi: si mtu, si mti, wala si yai. Katika mazungumzo ya kila siku ya Butembo na Beni, ambako aghalabu husemwa “kitabu yangu imeanguka”, kiambishi kimoja hutumikia nomino za ngeli nyingi, na msikilizaji hupata habari kamili kwa kuitazama nomino yenyewe. Msemaji wa kwanza ametangaza. Wa pili ameacha kitu kijieleze. Na watu wa Butembo hufahamiana vyema siku nzima pasipo kukwama.

Mashine, hata hivyo, si msikilizaji mwepesi kama binadamu. Ikutanapo na alama ya kujumlisha katikati ya majina mawili yasiyotangazwa aina, hailijui jambo iliyoamriwa kulitenda, kwa kuwa katika JavaScript alama hiyo moja huzijumlisha namba na pia huyaunganisha maneno. Haina budi kukitazama kitu cha kushoto, kisha cha kulia, kisha kutafuta ni utaratibu upi unaofaa kwa jozi hiyo, na ndipo itende kazi ambayo katika C ingekuwa amri moja tu ya prosesa. Uzito huu huzidi maradufu katika lugha za vitu, yaani lugha ambazo programu yake ni mkusanyiko wa vitu vinavyopelekeana ujumbe, kwa kuwa kila ujumbe humlazimu mpokeaji kuusaka katika nasaba yake, kizazi baada ya kizazi, utaratibu wa kuujibu. Ubunifu wa lugha za vitu ulitoka Oslo, katika mji ule ule ambao sasa huiangalia DHIS2, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipoitunga Simula katika miaka ya 1960. Lakini Simula ilikuwa lugha ya kutangaza aina. Waliouondoa utangazaji ni Alan Kay pamoja na wenzi wake Dan Ingalls na Adele Goldberg katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, walioitunga Smalltalk katika miaka ya 1970, nao waliufurahia uhuru wa lugha yao na kuulipia kwa mwendo wa pole.

Mlango wa kwanza wa kutokea ulifunguliwa mwaka 1984 na L. Peter Deutsch na Allan Schiffman. Walichunguza mahali panapotumwa ujumbe katika programu za Smalltalk, wakaona jambo ambalo likishasemwa huonekana dhahiri, lakini kabla ya kusemwa halikuwa dhahiri kwa mtu: kwamba mahali pamoja katika programu, ijapokuwa lugha inaruhusu kitu cha aina yoyote kifike pale, kwa hakika hufika aina ile ile iliyofika mara iliyopita, kiasi cha mara 95 katika kila 100. Basi wakaifundisha mashine kuandika papo hapo, pale pale penye ujumbe, jina la aina iliyopita na anwani ya utaratibu uliopatikana. Ujumbe ukija tena, mashine hulinganisha tu, na ikiwa aina ni ile ile huruka moja kwa moja mpaka kwenye utaratibu pasipo kuusaka tena katika nasaba. Kitu hiki nakiita akiba ya mahali, kwa sababu ni akiba kweli, iliyowekwa kwa ajili ya haja ijayo, nayo huwekwa mahali penyewe panapohitajiwa badala ya ghala moja kubwa linalotumikiwa na programu nzima. Wako waandishi wanaoliandika neno la kigeni kwa sauti yake, wakasema kache, nami siwapingi penye mazungumzo. Katika kitabu cha kufundishia, akiba hujieleza yenyewe.

Lugha ya Self ndiyo iliyoifikisha elimu hii kwenye ukamilifu wake. David Ungar na Randall Smith waliibuni katikati ya miaka ya 1980 na kuitangaza mwaka 1987, nayo ilikuwa lugha ya usahili wa kupindukia: haina hata jamii za vitu, kila kitu hunakiliwa kutokana na kitu kingine kilicho kiolezo chake, na hata kuisoma thamani ya jina huhesabiwa kuwa ni kutuma ujumbe. Lugha ya namna hiyo, ikitekelezwa kwa njia za kawaida, ingetambaa. Ungar na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Stanford, hasa Craig Chambers na Urs Hölzle, waliichagua njia ya kutoigusa lugha hata kidogo na kutia werevu wote katika mfasiri wake. Kwa kuwa vitu havikuwa na jamii iliyoandikwa na mwandishi, waliipa mashine kazi ya kujitungia kwa siri ramani ya umbo la kila kitu, na vitu vilivyonakiliwa kutoka kiolezo kimoja vikashirikiana ramani moja. Mwaka 1991 wakaitanua akiba ya mahali iweze kuweka maumbo mengi kidogo, kwa ajili ya mahali panapopita aina mbili au tatu kwa zamu. Faida kubwa zaidi ya hatua hiyo haikuwa mwendo wenyewe. Akiba iliyojaa imekuwa daftari la ushahidi: ukiifungua baada ya muda utasoma humo, mahali kwa mahali, aina zilizopita na zisizopita, na Hölzle na Ungar mwaka 1994 walionyesha jinsi mfasiri anavyoweza kulisoma daftari hilo na kuifasiri upya sehemu inayotumika sana, mara hii kana kwamba mwandishi alizitangaza aina zake tangu mwanzo. Kwa jumla ya kazi hizi Self ilifika, katika baadhi ya programu za majaribio, kiasi cha nusu ya mwendo wa C iliyofasiriwa kwa uangalifu, jambo ambalo miaka michache kabla lingeitwa muhali.

Tumefika sasa penye istilahi. Mfasiri huyu anafanya nini hasa? Hajui kwamba namba nzima itapita hapa. Amepata dalili nyingi kwamba itapita, naye anaijenga kazi yake juu ya dalili hizo. Wengine hukiita kitendo hiki kubahatisha, na neno hilo ni dhuluma, maana mwenye kubahatisha hana dalili mkononi. Wengine husema kubashiri, lakini bashiri ni mwenye habari za yajayo, na mfasiri wetu anayajua yaliyopita tu. Makisio yanakaribia, ila makisio ni ya kiasi na kipimo, kama mtu akisiavyo uzito wa gunia la kahawa, ilhali hapa suala ni la kweli au si kweli. Wanazuoni wa pwani, katika elimu ya sheria na ya mantiki, kwa muda mrefu wamezipanga daraja za kujua kwa maneno ambayo hayana mpinzani: yakini, ambayo haina nafasi ya kinyume, dhana, ambayo upande mmoja umezidi nguvu kwa dalili ingawa kinyume hakijafungwa, na shaka, ambayo pande mbili ni sawa. Mfasiri wa lugha ya kutangaza aina hufanya kazi katika yakini. Mkalimani wa kale wa Smalltalk, aliyekitazama kila kitu upya kila mara, alifanya kazi katika shaka. Mfasiri wa Self amesimama katika dhana, na sioni neno jingine linaloipiga maana hiyo katikati.

Lipo zuio moja, nalo ni la haki. Katika vitabu vya shule vya siku hizi dhana imechukuliwa kuwa jina la wazo au fikra kwa jumla, hata mwanafunzi akisoma “uharakishaji wa dhana” aweza kudhani kwamba ni mawazo yanayoharakishwa. Kwa hiyo napendekeza tulitumie tendo, tuseme uharakishaji wa kudhani, kwa kuwa tendo halijapoteza maana yake ya asili. Fauka ya hayo, tendo hilo li hai katika vinywa vya watu wa Kivu, wanaosema “nilizania” kila siku sokoni na nyumbani, na istilahi inayomkuta mwanafunzi na mzizi wake tayari huchukua mafunzo nusu.

Lakini dhana peke yake ingekuwa hatari, na hapa panaingia bawabu. Tuseme mwanafunzi wa informatiki wa Beni ameandika kwa JavaScript programu ndogo ya kutafuta wastani wa umri wa wagonjwa, naye ameweka mstari mmoja unaoiongeza safu ya umri katika jumla, safu baada ya safu. Mgonjwa wa kwanza ana miaka 36, wa pili 4, wa tatu 61. Katika akiba ya mstari ule huandikwa kwamba pande zote mbili ni namba nzima ndogo. Safu elfu kadhaa zikishapita, mfasiri huufasiri mstari ule kuwa amri moja ya kujumlisha, na mbele ya amri hiyo huweka ulinganisho mfupi unaouliza: hiki kilichofika ni namba nzima? Na baada yake huweka mwingine: jumla haikufurika mipaka yake? Hao ndio mabawabu. Kila mmoja hugharimu kiasi kidogo sana cha muda, kwani swali ni moja na jibu karibu daima ni lile lile, na prosesa za siku hizi hulizoea jibu la namna hiyo. Kisha hufika safu ya mtoto mchanga, ambamo muuguzi, kwa haki kabisa, ameandika “miezi 8”. Sheria ya JavaScript inasema kwamba namba ikikutana na maneno hugeuka maneno na kuunganishwa nayo. Jumla iliyokuwa 91,912 itakuwa “91912miezi 8”, na wastani umeharibika. Bawabu hakuwekwa ili aizuie hasara hiyo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba programu iliyoharakishwa inaleta jawabu lile lile, likiwa jema au baya, ambalo ingelileta pasipo kuharakishwa. Na mwanafunzi atakayelikosa jambo hili atamtazamia bawabu amlinde na makosa yake mwenyewe, jambo ambalo bawabu hakuahidi.

Bawabu akikataa, tafsiri yote iliyojengwa juu ya ile dhana haifai tena kuendelea pale, nayo mashine imo katikati ya kazi, jumla ikiwa mkononi na safu nyingi zikisubiri. Ufumbuzi wake ulitoka pahali pasipotazamiwa. Mwaka 1992 Hölzle, Chambers na Ungar hawakuwa wakitafuta mwendo. Walitaka mwandishi wa programu aweze kuisimamisha programu iliyoharakishwa na kuikagua kana kwamba haikuguswa, na kwa ajili hiyo walitunga njia ya kuigeuza hali ya kazi iliyo nusu kuwa hali ambayo ingekuwapo katika tafsiri ya kawaida, jina kwa jina na thamani kwa thamani, kisha kuendelea kuanzia hapo hapo. Njia hiyo ya ukaguzi ikawa baadaye ndiyo inayomruhusu mfasiri kudhani kwa ujasiri, maana mwenye njia salama ya kurejea aweza kwenda mbali. Mimi naiita utenguzi. Hukumu hutenguliwa pale msingi wake unapobainika kuwa haukusimama, na udhu hutenguka kwa sababu ijulikanayo. Katika yote mawili yaliyokwisha kutendwa kwa uhalali hayafutwi, ila hali ndiyo inayobadilika kuanzia pale. Kufuta, neno ambalo baadhi ya wafasiri wamelielekea, lingesema kwamba jumla ya safu zilizopita imepotea, na hiyo si kweli: inachukuliwa nzima.

Self haikupata waandishi wengi, lakini watu wake walitawanyika na elimu. Lars Bak, Mdenmaki aliyeifanyia kazi Self katika kampuni ya Sun, alishiriki kuitengeneza Strongtalk, lugha ya ukoo wa Smalltalk, na kampuni ndogo iliyoimiliki ikanunuliwa na Sun mwaka 1997. Kutokana na kazi hiyo ikatoka HotSpot, mashine ya kuiendesha Java, mwaka 1999. Bak huyo huyo, akiwa katika mji wa Aarhus kwao, akaongoza utengenezaji wa V8, mashine ya JavaScript iliyotoka pamoja na kivinjari cha Chrome mnamo Septemba 2008, nayo ilikuja na ramani za siri na akiba za mahali kama zilivyofundishwa na Self. JavaScript yenyewe, aliyoitunga Brendan Eich mwaka 1995, ilikwisha kurithi vitu vya kiolezo kutoka Self, kwa hiyo mrithi alikutana na urithi wake. Turudi basi kwa karani wa Kalunguta na namba yake 47. Sura ya DHIS2 anayoiona imeandikwa kwa JavaScript, nayo katika Chrome huendeshwa na V8. Na sehemu inayoipokea namba ile kwenye seva imeandikwa kwa Java, ambayo kwa kawaida huendeshwa na HotSpot. Pande zote mbili namba yake imepita mbele ya mabawabu wa ukoo mmoja.

Nimelishikilia jambo hili la Kalunguta kwa sababu hesabu za zoni kama hiyo ni amana nzito. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, uliowapata watu 3,470 na kuwaua 2,287, Kalunguta ilikuwa miongoni mwa zoni zilizoguswa, na kila mtu aliyekutana na mgonjwa alipaswa kufuatwa siku 21, jina lake, mahali pake na hali yake vikiandikwa kila siku. Orodha za namna hiyo hukua upesi, na zana zinazozibeba hapa petu ni simu za bei nafuu na kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, ambazo wafanyabiashara wa Butembo huzileta kwa njia ndefu ya kupitia Dubai, Mombasa na Kasindi. Nazo huchajiwa kwa mwanga wa jua au kwa jenereta. Mfasiri anayepunguza amri za prosesa hupunguza pia umeme unaoliwa, na hilo kwetu si anasa. Vyuo tunavyo: Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kipo Butembo tangu 1989, na Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili kipo Beni tangu 2007. Vijana huisoma elimu hii kwa Kifaransa na Kiingereza, kisha hutoka uani na kujadiliana kwa Kiswahili, na hapo ndipo istilahi inapohitajiwa. Wengi wao huanza na Python, na hata Python, iliyokuwa ya pole kwa miaka mingi, tangu toleo la 3.11 la Oktoba 2022 imetiwa mkalimani anayejirekebisha kwa kuzitazama aina zinazopita, akiwa na mabawabu na utenguzi wake mdogo, na watengenezaji wake walipima nyongeza ya mwendo ya kiasi cha robo kwa wastani.

Limebaki jina moja, la kile kipindi ambacho mashine inakusanya dalili kabla haijathubutu kudhani. Waandishi wa kigeni hukifananisha na kupasha moto. Mimi nakiita kipindi cha kutaamali, kwa kuwa kutaamali ni kutazama kwa kufikiri, na hiyo ndiyo kazi inayofanyika. Kipindi hiki kina gharama ambayo katika simu ndogo huonekana wazi: daftari za ushahidi hula kumbukumbu, na mtu afunguaye fomu moja, akaandika namba tano na kuifunga, ameondoka kabla mashine haijamaliza kutaamali, kwa hiyo dhana zote hazikumfaa. Watengenezaji wa V8 walilitambua hilo. Mwaka 2019 waliifanya mashine isianze kuweka daftari la utaratibu wowote mpaka utaratibu huo uwe umetumika kiasi, na mwaka 2021 wakaongeza mfasiri wa ngazi ya kwanza aitwaye Sparkplug, ambaye hufasiri upesi mno na hadhani kitu chochote. Muuguzi wa kituo kidogo cha Kalunguta, mwenye simu ya kumbukumbu chache na fomu ya ukurasa mmoja, aweza kuhudumiwa zaidi na huyu asiyedhani kuliko na wale mabingwa wa Stanford, na mwalimu atakayeifundisha elimu hii kwa Kiswahili atafanya vyema kuziweka pande zote mbili katika somo moja.